Waya wa dishi la zamani usiachwe ukining'inia

Toka nje utazame paa la nyumba yako. Je, lipo dishi la televisheni? Je, bado linafanya kazi? Sasa fuata waya wake kwa macho. Unashuka ukutani. Unapita kwenye tundu. Unaingia chumbani. Mwisho wake uko wapi?

Mara nyingi mwisho wake haukufungwa mahali popote. Unaning'inia nyuma ya kabati, au umelala sakafuni karibu na kitanda cha watoto. King'amuzi kiliharibika, au kiliuzwa. Au familia ilinunua king'amuzi cha kampuni nyingine, nacho kikaja na dishi lake na waya wake. Dishi la kwanza likaachwa pale pale. Ziko nyumba zenye madishi matatu juu ya paa, na ni moja tu linaloonyesha picha.

Huenda utauliza, mambo ya dishi yanahusu nini ukurasa wa afya? Yanahusu sana. Kuanguka kutoka juu ya paa ni jambo la afya. Kupigwa na umeme ni jambo la afya. Kuvuta moshi wa waya unaochomwa ni jambo la afya. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Wakati ule nyumba ya kijijini haikuwa na nyaya, ila labda kipande cha waya wa redio kilichofungwa juu ya mwembe. Leo nyumba ile ile ina nyaya ndani na nje. Usafi wa nyumba sasa ni pamoja na nyaya.

Madishi yalifikaje milimani

Zanzibar walianza kuwa na televisheni mwaka 1973. Sisi wa Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Mitambo ya kurushia matangazo hujengwa mahali pa juu. Mtu aliyeko Morogoro mjini akitazama mlimani anaona minara kwenye kilele cha Bondwa. Lakini mawimbi ya televisheni hupita moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Hayapindi kona. Mtu wa Mgeta, wa Kolero au wa Kinole amefichwa na mgongo wa mlima. Antena yake haioni kitu.

Dishi halina shida hiyo. Dishi linatazama angani, kwenye satelaiti iliyo juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Mlima hauwezi kuizuia kwa urahisi. Ndiyo sababu madishi yamepanda Uluguru mpaka kwenye nyumba ambazo gari halifiki.

Umeme nao ulichelewa. Bwawa la Kidatu, katika mkoa huu huu wa Morogoro, lilianza kutoa umeme mwaka 1975. Kwa miaka mingi nyaya kubwa zilipita juu ya mashamba yetu kwenda Dar es Salaam, na mwanakijiji aliyeishi chini yake aliwasha kibatari. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zilianza kuingia vijijini. Wengine wametumia sola. Basi nyumba nyingi zilipata umeme na dishi kwa pamoja, na hakuna aliyefundishwa namna ya kuishi na vitu hivyo viwili. Mafundi walifundishwa kuvifunga. Kuvifungua hakukufundishwa.

Je, waya huu una umeme?

Tuujue kwanza waya wenyewe. Waya wa dishi ni mnene kama penseli. Nje una mpira mweusi au mweupe. Ndani ya mpira kuna wavu wa nyuzi nyembamba na karatasi inayong'aa. Ndani yake tena kuna plastiki nyeupe, na katikati kabisa kuna uzi mmoja mgumu. Kwa hiyo kuna njia mbili za umeme katika waya mmoja: uzi wa katikati na wavu wa nje.

King'amuzi kikiwashwa hupeleka umeme mdogo kwenye kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Umeme huo ni volti 13 mpaka 18. Ni karibu sawa na umeme wa betri ya gari. Umeme huo peke yake hauui mtu. Lakini uzi wa katikati ukigusana na wavu, cheche hutoka na king'amuzi kinaweza kuungua.

Watu wakisikia hivyo husema, "Basi waya wa dishi hauna hatari." Hapo ndipo wanapokosea. Umeme wa ukutani ni volti 230, na huo unaua. Waya wa dishi unaweza kuupata kwa njia ambazo hukuzitegemea.

King'amuzi au televisheni ikiharibika ndani, umeme wa ukutani unaweza kuvuja na kuingia kwenye ule wavu. Wavu umeshika dishi. Dishi limeshika bomba la chuma. Bomba limeshika mabati. Nyumba nzima inakuwa na umeme juu. Je, umewahi kushika nyuma ya televisheni ukahisi kama wadudu wanatembea kwenye vidole? Huo ni umeme unaovuja. Mara nyingi ni kidogo tu. Lakini usipande paani kushika dishi la nyumba hiyo wakati vyombo vimewashwa.

Njia nyingine ni panya. Sisemi panya wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, waliofundishwa hapa hapa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya wa darini hana elimu hiyo. Yeye hutafuna mpira wa waya wowote anaoukuta. Kama waya wa dishi na waya wa umeme vimelala pamoja juu ya dari, panya akivitafuna vyote viwili, vitagusana.

Kisha kuna radi. Radi hutafuta njia ya kwenda ardhini. Dishi liko juu, bomba lake ni la chuma, na waya wake unaingia mpaka chumbani. Radi ikipiga dishi, au mti ulio karibu, nguvu yake inaweza kufuata waya huo mpaka ndani. Haijali kama televisheni imezimwa, au kama haipo kabisa. Ikifika mwisho wa waya inaruka kwenda kwenye kitu kilicho karibu. Kama mwisho wa waya uko kando ya kitanda, kilicho karibu ni mtoto aliyelala.

Kwa hiyo waya wa dishi usiotumika haufai kuhesabiwa kuwa ni kamba. Hata kama leo huwezi kupanda paani, jambo moja unaweza kulifanya leo. Toa mwisho wa waya nje ya nyumba.

Kamba ya kuanikia nguo

Tuchukue mfano. Nyumba ya kupanga ina vyumba vinne. Mpangaji mmoja amehama na king'amuzi chake, lakini ameacha waya. Mama aliyehamia anaona waya mrefu, mgumu, usiooza. Anauvuta kutoka kwenye bomba la dishi mpaka kwenye mwembe. Anaanika nguo. Miezi inapita, hakuna tatizo.

Katika chumba cha tatu kuna king'amuzi kingine, na kimefungwa kwenye dishi lile lile. Siku moja kinaharibika na kuanza kuvuja umeme. Mwenyewe hajui, kwa sababu anakaa kwenye kiti cha mbao na sakafu yake ni kavu. Mama yuko nje. Amekanyaga matope bila viatu. Mikono imelowa. Anashika waya wa nguo mahali ambapo mpira umechunika.

Huyo mama hakuchezea umeme. Alikuwa anaanika shuka.

Kamba ya mkonge inalimwa kwetu, Kilosa na Ngerengere. Haipitishi umeme kama waya, na hata ikilowa na kuoza ni rahisi kununua nyingine. Sioni sababu ya mtu wa Morogoro kuanika nguo juu ya waya.

Anzia ndani, siyo juu

Watu wengi huanzia paani. Hilo ni kosa. Kazi hii huanzia ndani ya nyumba.

Fuata waya tangu mwisho wake wa chumbani mpaka kwenye dishi. Usiukate kwanza. Huenda umegawanywa njiani na tawi moja linakwenda chumba kingine au kwa jirani. Piga hodi, uulize. Huenda pia waya unaoutazama siyo wa dishi. Waya wa umeme una nyaya mbili au tatu ndani yake, kila moja na rangi yake. Waya wa dishi una uzi mmoja katikati. Tazama kwenye ncha zake. Usikate ili upate kuona.

Kama uko king'amuzi chochote kilichofungwa kwenye dishi hilo, kizime, chomoa plagi ukutani, ndipo ufungue waya kwa nyuma. Baada ya hapo zima swichi kubwa ya nyumba, ile iliyo karibu na mita. Mwambie kila mtu nyumbani kwamba umezima na kwamba asiwashe. Mtoto akirudi shuleni akaona giza atakimbilia swichi. Mtu mmoja akae hapo.

Nyumba ya sola nayo inataka uangalifu. Paneli hutoa umeme wakati wote jua likiwaka, na betri ina nguvu nyingi. Waya ukiangukia vichwa viwili vya betri kwa pamoja utakuwa mwekundu kama moto mara moja. Funika betri kwa ubao mkavu kabla ya kuvuta waya.

Sasa vuta waya kutokea nje. Ukikaza, usilazimishe. Pengine umepigiliwa misumari pamoja na waya wa umeme juu ya dari. Panda dari ukatazame kwa tochi.

Liko jambo moja ambalo hata mafundi hulisahau. Kwenye bomba la dishi, au ukutani karibu yake, unaweza kuona waya wenye rangi ya kijani na njano unaokwenda chini ardhini. Huo ni waya wa ethi. Kazi yake ni kupeleka umeme uliovuja ardhini. Usiukate. Kama unatumika kwa nyumba nzima, ukiukata umeondoa kinga ya nyumba nzima.

Kupanda paani

Tazama kwanza nyaya za TANESCO. Ziko umbali gani na dishi? Kama bomba la dishi likianguka linaweza kuzifikia, kazi hiyo siyo yako. Nenda ofisi ya kijiji, TANESCO waarifiwe, waje kuzima. Nyaya za nguzo kubwa zinazoleta umeme kijijini zina volti 33,000, na umeme huo unaweza kuruka kumfuata mtu kabla hajazigusa. Usipitishe ngazi ya chuma wala bomba refu karibu nazo.

Chagua siku kavu. Vitabu vitakuambia ungoje kiangazi, Juni mpaka Septemba. Lakini upande wa mashariki wa Uluguru, kama Kinole na Tegetero, mvua hunyesha karibu kila mwezi. Basi huko ngojea siku, siyo mwezi. Asubuhi kuna ukungu na bati linateleza. Acha jua lilikaushe.

Ukiona umeme wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Kama hukufika 30, radi iko karibu na wewe. Shuka, ingia ndani ya nyumba, ukae mbali na nyaya. Usirudi juu mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Nyumba zetu za mlimani zimejengwa juu ya ngazi za udongo zilizochimbwa ubavuni mwa mlima. Nyuma paa liko karibu na ardhi, unaweza kulifikia kwa kuruka. Mbele pana bonde. Mtu hupanda kwa nyuma, akadhani paa ni fupi, kisha akateleza kwa mbele. Pandia upande ule ambao ukianguka utaanguka padogo. Ngazi iwe na miguu kwenye udongo mgumu. Ikiwa inapanda hatua nne kwenda juu, mguu wake uwe hatua moja kutoka ukutani. Mtu wa pili aishike. Usipande peke yako, na usipande ukiwa umekunywa pombe.

Juu ya bati kanyaga kwenye mstari wa misumari. Chini yake ndiko kuna mbao. Tazama nyuma ya dishi kabla ya kuligusa, maana nyigu hupenda kujenga hapo. Mtu akiumwa na nyigu juu ya paa hasubiri kutafuta ngazi.

Fungua waya kwenye kichwa cha dishi kwanza. Nati yake hufunguliwa kwa spana namba 11, au kwa vidole ikiwa haikushika kutu. Shusha waya. Ukitaka kuliondoa na dishi, lifunge kamba kabla ya kulegeza nati ya mwisho, kisha mlishushe polepole kwa kamba. Dishi ni kama tanga la jahazi. Upepo ukilipiga litamvuta aliyelishika. Yale madishi makubwa ya wavu ya miaka ya 1990 yanataka watu watatu au wanne na fundi mmoja mwenye uzoefu.

Mtu akipigwa na umeme

Usimshike. Ukimshika na wewe utanaswa. Zima swichi kubwa. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya ubao mkavu, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Kama ni waya wa nguzo uliomwangukia, kaa mbali kabisa, zuia watu wengine, uite TANESCO.

Akishaachana na umeme, tazama kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali. Weka mikono miwili katikati ya kifua chake, usukume kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kifua kishuke kiasi cha sentimeta 5. Endelea bila kuchoka, mpokezane, mpaka apumue au msaada ufike. Palipoungua pamwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake majivu, unga wala dawa ya meno. Mpeleke zahanati hata kama anasema amepona, maana umeme huweza kuharibu mapigo ya moyo bila alama nje.

Wapo watu wanaoogopa kumgusa aliyepigwa na radi. Mwili wake hauna umeme. Mguse, umsaidie mara moja.

Usichome waya

Waya umeshuka. Vijana watauomba wakauchome wapate shaba. Wakatalie. Waya mwingi wa dishi siku hizi una chuma katikati, kilichopakwa shaba nyembamba tu. Futa ncha ya uzi kwa jiwe. Ukiona weupe chini ya wekundu, na sumaku ikiushika, hakuna shaba ya kuuza hapo.

Moshi wa mpira wake ni sumu. Unachoma macho na kifua. Sumu nyingine hushuka ardhini na kukaa miaka mingi. Mjini Accra, Ghana, palikuwa na mahali paitwapo Agbogbloshie ambapo vijana walichoma nyaya kila siku, mpaka sehemu hiyo ilipobomolewa mwaka 2021. Wataalamu walipima mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa pale. Katika taarifa yao ya mwaka 2019 walisema mayai hayo yalikuwa na sumu ya dioksini nyingi mno kupita kipimo kinachoruhusiwa. Kuku wako naye anadonoa uani kwako.

Kunja waya kama kamba ya ng'ombe, uufunge, uuweke mahali pakavu mbali na watoto na mbuzi. Fundi wa madishi anaweza kuununua kama haujaingia maji. Bomba na dishi chukua kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Limebaki tundu ukutani. Ukiliacha, mvua itaingia na kulainisha tofali za udongo, na jioni mbu watapita hapo hapo. Ukuta wa saruji ziba kwa saruji. Ukuta wa udongo ziba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri, ndani na nje, siyo kwa kitambaa. Ukikauka na kupasuka, ziba tena mara ya pili, kisha upake chokaa.